Bunduki ya Urithi na Pai ya Boga

Ukiolewa magharibi mwa Pennsylvania, jua umeolewa pia na msimu wa kulungu. Zamani msimu wa bunduki ulifunguliwa Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo, kwani walimu na wanafunzi wote wangekuwa porini. Tangu 2019 unafunguliwa Jumamosi. Ukoo mzima wa mume wangu hujazana nyumbani kwa wakwe: Alhamisi bata mzinga, Jumamosi bunduki.

Ya mume wangu ni urithi wa babu yake. Ni bunduki ya wenzo: unasukuma kishikio cha chini mbele, ganda linaruka nje, unakirudisha, risasi nyingine inapanda na kuingia. Inakula risasi za .30-30, zilizoingia sokoni mwaka 1895 kwa ajili ya Winchester ya 1894 aliyoibuni John Browning. Ila hii yetu ilikuwa na kiburi chake. Ikishapiga risasi moja, inayofuata inakwama, wenzo hauendi mbele wala haurudi, na mume wangu anaanza kukisemesha chuma maneno yasiyofaa mbele ya watoto.

Jumatano usiku bunduki ikalazwa juu ya meza ya jikoni, kando ya unga wa mama mkwe aliyekuwa akiandaa pai za boga. Kila mtu alikuja na hukumu mkononi. Baba mkwe alisema springi imechoka, ile iliyo ndani ya bomba chini ya mtutu, inayosukuma risasi kurudi nyuma. Shemeji alilaumu risasi za bei rahisi. Wifi alimlaumu kaka yake, yaani mume wangu: "Anavuta nusu nusu. Wenzo unataka kusukumwa hadi mwisho."

Shemeji akachomoa mfukoni risasi zake za bei ghali, zenye ncha kali. Baba mkwe alimpokonya papo hapo. Ndani ya bomba risasi hupangana mstari mmoja, pua ya moja imeegemea fataki ya iliyo mbele yake. Ncha kali ikigonga fataki wakati bunduki inaporuka, bomba lenyewe linaweza kulipuka mkononi. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi kwa kawaida huwa na pua bapa.

Hapo nikaamuru risasi zote za kweli zipelekwe ghorofani, mtutu na bomba vikaguliwe kwa macho na kwa kidole, na mezani zibaki risasi bandia tu, zisizo na baruti wala fataki. "Sasa tusiulizane kosa ni la nani," nikasema. "Inakwama lini?"

Tukaweka risasi moja peke yake. Ikapita, kwa taratibu na kwa haraka. Basi chemba haina neno, na kucha inayovuta ganda haina neno. Tukaweka mbili: ikakwama. Wifi akauchukua wenzo na kuusukuma kwa nguvu zake zote hadi mwisho. Ikakwama vilevile, na kaka yake akatabasamu kwa mara ya kwanza usiku ule. Springi nayo ikaponea hapo hapo, kwa sababu springi iliyochoka huichelewesha risasi, na ya kwetu ilikuwa inawahi mno.

Baba mkwe akafungua skrubu ya wenzo, nami nikamulika tochi. Kile kipande kinachoinua risasi kilikuwa na pengo upande wa chini, mahali ambapo ukingo wa wenzo ulikuwa umekitafuna miaka yote hiyo. Kwa hiyo hakikai tena mahali pake, na risasi ya pili inapenya chini yake wakati ya kwanza bado inapanda. Zinabanana kama abiria wawili kwenye mlango mmoja wa daladala.

Baba mkwe akaenda kutafuta tupa. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuwinda hata panya, akamzuia mlangoni: "Chuma ukikipunguza, hakirudi." Ukawa mwisho wa kikao. Wakati wa kukusanya vipande ikaonekana skrubu haipo. Ilipatikana Alhamisi, ndani ya pai. Aliyeipata ni shemeji, kwa jino.

Ijumaa fundi bunduki wa mjini hakushangaa hata kidogo. Alilainisha ule ukingo wa wenzo, akaweka kipande kipya, akajaribu mbele yetu. Risasi zikapanda moja moja kwa adabu.

Jumamosi mume wangu alitoka alfajiri na fulana yake ya rangi ya chungwa, akarudi jioni mikono mitupu. Miaka ya nyuma angesema bunduki ilikwama. Safari hii alitafuna chakula muda mrefu, kisha akasema upepo uligeuka.

"Mwakani tutaufungua skrubu," akajibu baba mkwe.

"Si kwenye meza yangu," akasema mama.