Kifuniko Kilichogoma, Pokea Sifa

Washairi wameusifu mwezi, wameisifu bahari, hata ngamia hakukosa wa kumwimbia. Leo ni zamu ya kifuniko cha silinda ya haidroliki: kipande cha chuma kisichozidi mdomo wa kikombe cha chai, chenye vishimo viwili usoni kama macho ya bundi, kilichokataa kufunguka pale Kariobangi Light Industries kwa siku tatu.

Kilifikaje huku Eastlands, Nairobi, ambako boti tungezihitaji tu mvua za Aprili zikijaza barabara? Shemeji yangu ana boti ya kutembeza wageni Kilifi. Silinda hii ndiyo huinua na kuteremsha injini yake: pampu inasukuma mafuta, fimbo inatoka, injini inainama au inanyanyuka, nayo boti inakaa sawa juu ya maji. Ikaanza kuvuja. Dawa yake ni sili mbili tatu za mpira, vitu vya kutia mfukoni. Ila sili zinakaa ndani, na mlango ni kifuniko hicho. "Shemeji, huko kwenu hakuna kinachowashinda mafundi," akanivisha kilemba cha ukoka, na kesho yake asubuhi gunia likashuka kutoka basi la usiku likinuka shombo.

Sifa kuu ya kifuniko kilichogoma ni kwamba kinaunganisha taifa. Siku ya kwanza, saa tatu, tulikuwa wawili, mimi na fundi. Saa nne tulikuwa kumi na mmoja. Mama wa mandazi alipendekeza mafuta ya taa. Dereva wa matatu akasema la, mafuta ya breki, na papo hapo vikazaliwa vyama viwili. Kijana wa boda akaanzisha cha tatu: akanunua soda nyeusi kwa pesa zake mwenyewe, akaimimina yote, akaapa kwamba inayeyusha hata meno. Mzee mmoja wa Makongeni, mstaafu wa reli, alisubiri makelele yatulie, kisha akatufahamisha kwamba garimoshi halikuwahi kufunguliwa kwa soda. Moto, wanangu, moto. Mhubiri aliyekuwa anapita na spika yake aliizima, akasogea, akakiwekea kifuniko mkono.

Tafakari jambo hili. Mimi ni mkazi wa Umoja. Nimehudhuria mikutano ya wapangaji juu ya maji, juu ya taka, juu ya mtaro uliofurika hadi mlangoni, na sijaona hata mmoja uliotimiza akidi. Kifuniko kilitimiza akidi bila barua wala kipaza sauti, na hakuna aliyelipwa nauli wala kupewa fulana. Hakuna aliyemwuliza mwenzake jina la pili ili ajue ametoka upande gani wa nchi. Kambi ya mafuta ya taa ilikuwa na watu wa kila pembe, na ya breki vivyo hivyo; kwa mara ya kwanza maishani nikaona Wakenya wamegawanyika kwa sera. Anayetafuta umoja wa kitaifa asihangaike na tume nyingine. Achukue kifuniko hiki, akizungushe kaunti zote 47, kila moja wiki nzima, na amri iwe moja tu: kisifunguke. Kikifunguka, Mungu apishe mbali, tafuteni kingine.

Sifa nyingine nazitaja mbiombio. Kinajenga misuli ya mkono. Kinakuza lugha, maana nilisikia maneno ambayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu haijathubutu kuyaingiza. Kinamkumbusha mtu kusali.

Tena kinafundisha historia. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri, na moja huliwa polepole kwa ajili ya mwenzake. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika manowari HMS Alarm shaba tumboni. Miaka 2 baadaye likakuta misumari ya chuma imelika palipogusana na shaba. Kifuniko changu cha chuma, ndani ya silinda ya alumini, kilikuwa kimejipikia unga mweupe mgumu kama saruji katikati ya hesi zake. Wazee wa Lamu walikwisha kulimaliza jambo hili zamani. Mitepe, vyombo vyao vya baharini, ilishonwa mbao kwa kamba za makumbi, bila msumari. Kamba haigomi.

Siku ya pili spana ilichomoka ikala kishimo kimoja, duara likawa yai. Hapo sina sifa. Wewe uliyekifunga mara ya mwisho, popote ulipo, kidole kimoja cha grisi kingekugharimu nini? Kimoja tu! Na duka moja la mjini nilikoulizia sili likanijibu, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba sili haziuzwi, inauzwa silinda nzima. Eti mpira wa kuvaa kidoleni umepasuka, ninunue mkono!

Fundi alinitazama nikifoka, akanivutia kigoda. "Mkubwa, hiki ni kichanga," akasema. "Faili langu limekwama mwaka wa kumi na moja."

Anaomba karatasi ya kipande cha ardhi anachofanyia kazi, hatua nne kwa tano, chini ya bati alilonunua mwenyewe. Mwaka 1985 Rais Moi alipita Kamukunji, akaona mafundi wanavyochomwa na jua, akaahidi mabanda. Mwaka 1992 jina la mafundi hao, "jua kali", likapanda cheo, likaingia hadi kwenye kichwa cha waraka rasmi wa serikali. Jina lina karatasi. Mwenye jina hana. Amekwenda katika ofisi yenye faili lake hadi bawabu akamzoea. Mara mhusika yuko mkutanoni, mara koti lake liko kitini lakini mwenyewe hayupo, mara faili limepanda ghorofa ya juu na halijashuka.

"Ulijaribu mafuta?" nikamwuliza, na sote wawili tulijua simaanishi ya taa.

"Mara sita." Akakigonga kifuniko kwa kucha. "Huyu ukimtia mafuta analegea. Yule ukimtia mafuta anakaza."

Siku ya tatu mzee wa reli akapewa haki yake. Fundi alifungua kwanza mirija, akamwaga mafuta yote, kwa kuwa mafuta hayo hayabonyei, na yakipata moto ndani ya silinda iliyozibwa ni bomu. Akachonga kishimo upya. Akachukua kipande cha chuma bapa, akachomelea pini mbili, tukapata spana isiyouzwa duka lolote. Kisha akapasha mwili wa silinda, si kifuniko: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo nyumba inapanuka na mpangaji anabaki alivyo. Nyundo mbili. Kwaa! Kikazunguka.

Umati ukapiga makofi. Dakika tano baadaye taifa lote lilikuwa limetawanyika, kila mtu na njia yake, na dereva wa matatu hakumuaga mama wa mandazi.

Fundi alitia sili zilizopatikana kwingine, akapaka grisi kwenye hesi, si kidole kimoja bali viwili, akafunga kwa mkono kabla ya kushika spana. Ile ya bapa akaining'iniza ukutani. Nikamshauri aende nayo ofisini kesho.

Akacheka. "Itashika wapi? Yule hana vishimo."