Jisifu Mwenyewe, Mimi Nitagonga Muhuri

Mwajiri anayekuthamini hakupi barua ya mapendekezo, maana hataki uondoke. Asiyekuthamini hakupi pia, maana hana la kuandika. Akitokea wa kukuandikia siku hiyohiyo, tena sifa zimejaa ukurasa mzima, huyo muogope: ana muda mrefu anakutafutia mlango wa kutokea.

Elimu hii niliipata mwaka ambao jeshi lilitangaza nafasi za wauguzi, nami, sista wa zahanati moja ya kibinafsi mjini Voi, mzaliwa wa Ronge, nikaamua kwamba magwanda yatanikaa vizuri. Tangazo lilikuwa wazi. Urefu usipungue mita 1.60. Uzani kwa mwanamke usipungue kilo 50. Uwe na vyeti vyako, usajili wa Baraza la Wauguzi, na usiwe na doa kwa polisi. Mwenye diploma huingia kama askari wa fani yake, mwenye digrii kama afisa. Barua ya mwajiri sikuiona popote, ila mtaani kila mtu ni kanali mstaafu. Mwenye saiba akaniambia bila barua nisijisumbue. Wa bodaboda akaongeza ya chifu, tena muhuri wake uonekane vizuri, usiwe umepauka. Binamu yangu, aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya nyayo bapa, ndiye aliyekuwa na ushauri mwingi kuliko wote.

Nilianza na chifu nikidhani hiyo ndiyo nyepesi. Kufika ofisini, kufuli. Usiku ndovu walikuwa wameingia mashamba ya Ronge Nyika, naye ameshuka kukagua hasara. Nikamfuata hukohuko, viatu vyangu vya mjini vikizama kwenye nyayo za ndovu zenye ukubwa wa karai. Chifu, Mungu ambariki, aliandika palepale, karatasi ameilaza juu ya tangi la pikipiki: anamfahamu binti huyu tangu utotoni, ni mtulivu, ana nidhamu. Mwenye shamba, amesimama katikati ya mahindi yaliyolala chini, akauliza kwa sauti kama na ndovu nao hawawezi kuandikiwa barua waende jeshini. Ikabaki kugonga muhuri. Muhuri uko ofisini, ofisi iko mlimani. Tukapanda.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa Daktari, mwenye zahanati.

"Jeshini, sista? Watakupa bunduki, siyo sindano."

Nikamkumbusha anaishi wapi. Mwaka 1915 Waingereza walitandaza reli ya kijeshi kutoka hapahapa Voi kuelekea Maktau ili wapigane na Wajerumani, na makaburi ya askari yako Voi na Taveta mpaka leo. Katika vita vile malaria na kuhara viliangusha watu wengi kuliko risasi. Jeshi lisilo na wauguzi, nikamwambia, ni msafara wa wagonjwa wenye bunduki. Akacheka, akatazama saa, akatamka maneno ambayo wafanyakazi wengi wa nchi hii wameshayasikia:

"Basi kajiandikie mwenyewe, mimi nitatia sahihi na kugonga muhuri."

Mimi nimelelewa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa naambiwa nijitembeze, tena kwa jina la mtu mwingine. Zamu ya usiku wadi ilipotulia nikachukua kalamu. Sentensi ya kwanza ilinionea aibu. Ya pili ikazoea. Kufikia ya tano sikuwa najizuia tena: hufika kazini kabla ya wakati, hupata mshipa wa mtoto mchanga bila kumsumbua, hesabu zake za dawa hazijawahi kupishana, umeme ulipopotea alizalisha mama kwa mwanga wa simu, kisha akatoka nje kuwasha jenereta. Hakuna nililozidisha, naapa. Nilipomaliza nilimwonea wivu mwanamke huyo.

Daktari alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Haya yote ni wewe?"

"Ni mimi, Daktari."

"Na jenereta pia?"

"Tangu mlinzi aache kazi."

Akaikunja ile barua polepole, akaitia mfukoni. "Basi huwezi kwenda popote." Nikangoja aseme neno kuhusu mshahara. Akaniuliza kama glavu zimefika.

Nilijiliwaza kwa kisa cha Mary Seacole, Mjamaika aliyekwenda London mwaka 1854 kuomba kuuguza askari wa Uingereza kwenye vita vya Crimea. Mama huyo alikuwa ameshapambana na kipindupindu huko Panama, na ushahidi wa maandishi kutoka kwa daktari aliyeijua kazi yake alikuwa nao. Wakamzungusha ofisi hadi ofisi, kisha wakamkataa. Akajilipia nauli, akafungua nyumba yake ya huduma karibu na Balaklava, na mwaka 1857 akatoa kitabu cha maisha yake. Yeye barua alikuwa nayo, jeshi likamkataa. Mimi jeshi linaita, barua imo mfukoni mwa Daktari.

Ndipo nikagundua kosa la ile barua: ina wasomaji wawili wenye haja mbili. Nikaandika nyingine kwa kipimo, kama dawa ya mtoto: ikizidi, Daktari ataning'ang'ania, ikipungua, jeshi litanitupa. "Hupata mshipa wa mtoto mchanga" ikawa "anaifahamu kazi yake." Jenereta ikafutwa kabisa. Mahali pa kukesha nikaweka "ana afya njema na hula vizuri," jambo ambalo jeshi hulipenda na mwenye kuwanunulia wafanyakazi chai halimfurahishi. Nikamalizia na "ana urefu wa kutosha," maana sijaona mwajiri aliyemlilia mfanyakazi kwa ajili ya urefu.

Daktari akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Hii sasa, akasema, ina ukweli. Akatia sahihi. Muhuri ulipogongwa ukatoa kivuli tu. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka zamani. Akaniagiza chupa ya GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, akatonesha kidogo kwenye sponji, akagonga tena kwa nguvu. Ukatoka muhuri mzuri kuliko wa chifu, nasi sote wawili tukabaki na vidole vya zambarau kama watu waliotoka kupiga kura.

Kabla hata sijapimwa urefu wangu wa kutosha, tangazo likabandikwa langoni mwa zahanati. Anatakiwa muuguzi. Afike kazini kabla ya wakati. Awe na uwezo wa kupata mshipa wa mtoto mchanga bila kumsumbua. Hesabu zake za dawa zisipishane. Awe tayari kuzalisha kwa mwanga wa simu, na ajue kuwasha jenereta. Lilikuwa neno kwa neno, mpaka nukta na mkato wangu. Mstari mmoja tu ndio haukuwa wangu, ule wa chini kabisa: mshahara ni maelewano.