Mifuko ya Rangi Nne

Bruxelles

Yaya, pamoja na wote wa parseli pale Murara, Goma,

Huku takataka zina rangi. Mfuko wa buluu ni wa chupa za plastiki, makopo na maboksi ya maziwa. Wa manjano, karatasi na katoni. Wa machungwa, mabaki ya chakula, na kuyatenganisha ni lazima kwa kila nyumba tangu Mei 2023. Mweupe unameza yaliyobaki. Vioo unapeleka mwenyewe kwenye pipa la barabarani, vyeupe tundu lake, vya rangi tundu lake. Hata Salongo ya usafi wa mtaa huko kwetu haikuwa na masharti namna hii.

Sasa muulize yeyote wa jengo letu kama anatenganisha vizuri. Ataapa. Wachafu ni wale wa juu. Panda juu ukaulize: wachafu ni wa chini. Juzi wazoa taka walituachia mfuko wa buluu mlangoni, umebandikwa karatasi nyekundu, na msimamizi akaufungua mbele yetu sote. Kikatoka kikaango. (“Si ni chuma!” akasema mama mmoja. Ni chuma kweli, ila mfuko ule unapokea vifungashio tu.) Ikatoka pampasi. Likatoka boksi la maziwa lililoshindiliwa makopo, kazi safi ya mzee mstaafu anayeosha hata kikopo cha yoghurt kwa maji moto. Kumbe kuosha si lazima, kumaliza kilichomo kunatosha. Kushindilia ndiko kosa, maana mashine haiwezi kuvichambua vikiwa vimeingiana. Mzee alinuna wiki nzima. Pampasi haikupata mwenyewe, ingawa jengo zima lina mtoto mmoja.

Nikamkumbuka mama mkubwa huko nyumbani. Hajaambiwa na mtu atenganishe chochote, lakini kwake chupa tupu inakwenda kwa muuza mawese, maganda ya ndizi kwa mbuzi, bati bovu linangoja mnunuzi wa vyuma. Yanabaki majivu ya makala na sashe za plastiki. Hizo sashe serikali ya kwetu ilizikataza kwa dekreti ya Desemba 2017, na muuza nyanya atakuapia ameshaziacha, huku anakufungia nyanya zako ndani ya sashe nyeusi.

Akipatikana msafiri, unitumie sombe. Ile ya mwisho ilikuja ndani ya gazeti, juu yake sashe, juu yake skochi, juu yake kipande cha kitenge. Msimamizi alinikuta naifungua, akawa ananionyesha mfuko wa kila kinachoanguka. Kwenye skochi iliyogandia gazeti akatoa simu, akaanza kutafuta.