Papai Lililokula Jelatini

Mkesha wa Idi, wifi yangu aliponda papai lililoanza tu kuwa manjano, akalichanganya na maziwa ya kopo na jelatini, akamimina kwenye bakuli la kioo la Mama, lile la wageni. Wakwe wa dada walikuwa waje asubuhi. Saa nne usiku tukafungua friji: uji. Saa sita: uji. Akakoroga pakiti ya pili ya jelatini, na saa nane bado uji. Mama akailaumu friji, kaka akaulaumu umeme, na watoto wakaamshwa waulizwe nani alikuwa akifunguafungua mlango.

Shangazi aliamka kusali tahajudi, akatukuta jikoni. Akaonja, akakunja uso; hata maziwa yalikuwa yameingia uchungu.

"Hiyo jelatini imetengenezwa kwa nini?"

Wifi akasoma pakiti. "Ngozi na mifupa ya ng'ombe, Shangazi."

"Na nyama ya mishikaki mnailainisha kwa nini?"

Tukatazamana. Kwa papai bichi, bila shaka.

Papai lina papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Jelatini ni protini: huganda nyuzi zake zinaposhikana na kuyazuia maji katikati yao. Papaini huzikata kabla hazijashikana, kwa hiyo pakiti ya pili ilikuwa chakula cha nyongeza tu. Nanasi bichi lina bromelini yenye tabia hiyohiyo. Tunda likichemshwa kwanza, nguvu hiyo hufa. Ndiyo maana nanasi la kopo halisumbui.

Shangazi akatoa chainagrasi kabatini, ile ya faluda. Hutokana na mwani mwekundu, nayo si protini, hivyo papaini haiwezi kuikata. Akaichemsha mpaka nyuzi zote zikayeyuka, akaikoroga na maziwa yenye uvuguvugu na papai jipya, alilolichemsha kwanza ili maziwa yasiingie uchungu tena. Chainagrasi huganda inapopoa kufikia nyuzijoto 35 hadi 40, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85. Haihitaji friji, wala joto la pwani haliitishi. Alfajiri pudini ilikuwa imesimama mezani.

Elimu hii ya mashangazi ni elimu kamili, na inastahili kuulizwa mapema, kabla maziwa hayajamwagwa.

Mama mkwe wa dada alipoomba maelekezo, Shangazi alimwachia wifi ayatoe, naye akaanzia kwenye mishikaki.