Shangazi wa Bustani: Mmea Wangu Umegoma Kupanda Ukuta

Barua za safari hii zimetoka penye joto tupu: Maskati, Phoenix, Lodwar, Seeb, Tucson. Karibu kila mmoja anataka ukuta wake ufunikwe maua kabla wageni hawajafika, na kila mmoja amekwisha kukosana na mtu kwa ajili hiyo. Shangazi anajibu ya mimea. Ya ndoa anayajibu pia, maana hamjui kuyatenganisha.

*Shikamoo Shangazi. Niko Maskati, mtaa wa Al Khuwair. Nina bogenvilia mbili langoni, mwaka wa tatu huu, zimejaa majani kama bustani ya mchicha, lakini ua hata la kusingizia hakuna. Nazimwagilia asubuhi na jioni, na mbolea kila Ijumaa. Jirani yangu amefunga nyumba, yuko Salalah anakula rasharasha za mvua. Kuna kijana anayepita mara moja kwa wiki, anaachia maji, anakwenda zake. Na bogenvilia ya jirani imechanua mpaka inamwagikia barabarani! Mume wangu anasema tumefanyiwa kitu. Nimwamini?*
*— Mnyonge wa Langoni*

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyekufanyia kitu. Wewe ndiye unayeifanyia bogenvilia kitu, na kitu chenyewe ni huruma.

Mmea ukipata maji mawili kwa siku na mbolea ya naitrojeni kila Ijumaa, utachanua kwa shida gani? Umeshiba. Unarefusha matawi na kutoa majani, basi. Bogenvilia iliyokwisha kushika ardhi huchanua inapoonja kiu kidogo kati ya maji na maji. Kijana wa jirani hajui hilo, ila uvivu wake umemfundisha kazi. Mwagilia kwa wingi, maji yazame hasa, kisha iache mpaka udongo ukauke kina cha kidole kizima. Hata Julai, mara moja au mbili kwa wiki zinaitosha iliyokomaa. (Mche mchanga ni habari nyingine, huo usiuadhibu mwaka wa kwanza.) Mbolea ya Ijumaa ifungie stoo. Jua lipate kutwa nzima. Na kwa kuwa huchanulia matawi mapya, ipunguze ikimaliza kuchanua, uivalie glavu, ina miiba.

Kitu kingine: bogenvilia haina kikonyo cha kujishikia wala ukucha. Huegemea tu. Ukingoja ipande ukuta yenyewe utazeeka. Piga misumari, pitisha waya, funga matawi kwa kitambaa.

Kijana wa jirani akija, mwombe akukatie kitawi kimoja ukitazame kwa karibu. Yale mekundu unayoyaonea wivu ni majani, matatu matatu, membamba ya kupenya mwanga. Ndani yake vimesimama vijibomba vitatu vidogo, vimepasuka mdomoni kwa weupe. Hivyo ndivyo maua. Rangi inadumu wiki nyingi kwa sababu hiyo, kwani jani halichoki upesi.

Ama kuhusu mumeo, msimulie hivi. Mmea huu kwao ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Philibert Commerson, aliukuta Brazili katika safari ya meli za Louis-Antoine de Bougainville iliyoanza 1766, na jina la kiongozi wa safari likaganda kwenye mmea. Commerson alikuwa na msaidizi, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume kwa sababu meli zile hazikuruhusiwa kupakia wanawake. Bwana mguu wake ulikuwa mbovu, kazi nyingi za kupanda na kushuka akizifanya bibi, na wapo wanaoamini kuwa tawi la kwanza alilichuma yeye. Kwa hiyo mwambie mumeo mambo ya bogenvilia yana wenyewe tangu zamani, na yeye akatazame ile mashine ya nje ya kiyoyozi inapuliza hewa ya moto upande gani. Ikiwa inaielekea mimea yako, hapo sasa ndipo mmefanyiwa kitu.

*Mama Shangazi, mimi ni mtu wa Lubumbashi, sasa naishi Phoenix, Arizona. Mchumba wangu anafika Agosti. Mwezi wa Julai nilinunua mche wa pasheni ya maua kwa dola 60, nikaupanda saa sita mchana kwenye ukuta wa magharibi, nikaujengea kichanja cha chuma, nikakipaka rangi nyeusi ipendeze. Siku ya nne ukawa umekauka wima. Duka linakataa kunirudishia pesa. Nifanye nini?*
*— Bwana Harusi Mtarajiwa*

Pole baba. Duka lina haki.

Mwaka 2023 mji wako ulikaa siku 31 mfululizo, kuanzia Juni 30, kila siku ikifika nyuzijoto 43 za Selsiasi au kupita. Hiyo ni hewa ya kivulini. Ukuta wa magharibi hula jua la alasiri lote, halafu usiku, mmea unapotaka kupumua, ukuta unaurudishia moto ule ule. Chuma cheusi nacho kinachoma kila kikonyo laini kinachojaribu kujizungusha. Na maji nayo? Nina hakika ulifungua mpira uliolala juani ukamwagia mche papo hapo. Maji ya kwanza ya mpira ule yangepika yai. Yaachie yamwagikie pembeni mpaka yapoe, ndipo uelekeze kwenye shina, alfajiri.

Panda Oktoba. Joto limevunjika, udongo bado una uvuguvugu, na mizizi inapata miezi ya kushuka kabla ya Juni. Pasheni iweke upande wa mashariki, ipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Ukichimba ukakutana na tabaka jeupe gumu linalokataa sururu, ni chokaa ya jangwani. Litoboe mpaka maji yapite, la sivyo umeuchimbia mmea sufuria. Kwa ukuta wako wa magharibi tafuta mtambaazi wa Meksiko uitwao Antigonon, wa vishada vya maua ya waridi. Huo joto ndilo linaloufurahisha. Baridi ikija utanyauka mpaka chini, usiung'oe kwa hasira, una kiazi ardhini na utarudi.

Bibi harusi akifika mpeleke Tombstone, huko huko Arizona. Kuna waridi jeupe lililopandwa 1885 kutokana na mche uliotoka Uskochi. Limetambaa juu ya nguzo na mabomba mpaka likawa paa, na linatajwa kuwa waridi kubwa kuliko yote duniani. Tombstone iko mwinukoni, haiungui kama Phoenix, lakini bado ni jangwa. Nenda naye Machi au Aprili, maana huchanua mara moja tu kwa mwaka. Agosti ataona majani, na utaanza kutoa maelezo.

*Shangazi, mbuzi wa Lodwar wamekula bogenvilia yangu mara mbili. Miiba hawaioni?*
*— Mwalimu, Turkana*

Wanaiona. Mbuzi hula machipukizi kabla miiba haijakomaa. Zungushia mche matawi makavu ya mti wa mathenge, huko kwenu hayauzwi, na yaache mpaka shina liwe na gome. Mathenge wenyewe usiupande. Watu wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi wa yale maganda matamu ya mathenge yanayoozesha meno, na wewe mwalimu huna muda wa kesi.

*Assalaam alaykum Shangazi. Niko Seeb. Mama mkwe wangu alizaliwa Unguja, na asumini ndiyo roho yake. Kila jioni anataka vikonyo vya kutungia kikuba. Asumini yangu imepanda juu ya kichanja, lakini majani yamekuwa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, na mengine yana vidoa vya vumbi. Maua yanakauka hayajafunguka. Mama mkwe hasemi kitu. Anaugulia tu.*
*— Mke wa Mwana wa Pekee*

Wa alaykum salaam mwanangu. Kuugulia kwa mama mkwe ni hotuba kamili, najua.

Una matatizo kadhaa, na mama mkwe si mojawapo. Jani la manjano lenye mishipa ya kijani linalia madini ya chuma. Chuma kipo ardhini, lakini udongo wenu una chokaa nyingi na mmea hauwezi kukinyonya. Nunua chuma cha mimea kinachofaa udongo wa chokaa, soma pakiti, umimine penye mizizi, na utandaze mboji juu. Msumari wenye kutu unaosifiwa na shoga zako hausaidii kitu. Ukiona ncha za majani zinaungua rangi ya kahawia, hiyo ni chumvi. Visima vingi vya pwani ya Batinah vimeingiwa na maji ya bahari. Omba maji ya bomba, kisha mara moja moja mwagilia kwa wingi sana ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku ndiko kunakoikusanya juu.

Vile vidoa navyo: shika jani, ligonge juu ya karatasi nyeupe, subiri. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Wanapenda joto kavu. Wapige kwa maji chini ya majani, asubuhi, siku kadhaa, na usikimbilie dawa kwa kitu kitakachovaliwa kifuani na mtu mzima.

Halafu kivuli. Asumini ni mtoto wa nchi zenye unyevu za Asia, haikuzaliwa kwa jua la saa nane la Ghuba. Kumbuka Quriyat, Juni 2018: saa 24 nzima zilipita joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana. Tundika wavu wa kivuli upande wa magharibi. Chuma vikonyo magharibi ikiingia, vikiwa vimevimba na havijafunguka, vitafunguka vyenyewe ndani ya kikuba. Kikuba kimoja bakiza, umvalishe mama mkwe kwa mkono wako mwenyewe mbele ya mwanawe. Hilo halimo katika kilimo, lakini nimekupa bure.

*Shangazi, jirani yangu Tucson alipanda mtambaazi wa maua ya manjano, wenye kucha tatu ndogo za paka. Umevuka ukuta, umebandua rangi yangu, sasa unaingia chini ya vigae. Anasema ni zawadi. Nikikata, unarudi.*
*— Aliyezawadiwa*

Unarudi kwa sababu una viazi chini ya ardhi, vimeungana, na kila kinachobaki kinaotesha upya. Australia na Afrika Kusini wanaupiga vita kama magugu. Kukata juu ni kuupunguza nywele tu. Chimba upande wako ufuate kila mzizi, toa viazi, funga kwenye mfuko, tupa na takataka, usiweke kwenye mboji. Rudia kila chipukizi likitokeza. Vile vilivyo upande wake ni vyake, nenda ukabishe hodi, mfanye pamoja. Kachimbe Novemba kukiwa na ubaridi. Mkianza kuchimba Juni mtauana kabla ya kiazi cha tatu, na Shangazi hajibu barua za polisi.