Sabufa Nzima, Kompyuta Bubu

Ngamiani hatuna shida ya sauti. Tangu barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, kila nyumba ina sabufa yake, na kila sabufa imeapa kwamba jirani atasikia. Nyumba iliyokosa sauti ni yangu, na ndani mna kompyuta mpya. Mpya kwangu, maana ni ya mtumba.

Fundi aliyeniuzia aliisifia mpaka akakaukwa na mate. “Mzee wangu, hii ina Linux, siyo Windows. Virusi haviingii.” Kweli, sijaviona. Na sauti nayo haitoki.

Nyuma ya lile boksi tunaloliita CPU kuna matundu matatu: bluu, kijani na waridi. La spika ni la kijani. Nikachomeka sabufa, taa nyekundu ikawaka, nikamfungulia Shakila enzi zake za kundi la Black Star, taarabu ya hapa hapa Tanga. Mstari wa wimbo ukaanza kutembea kwenye skrini, dakika zikahesabika, mpaka wimbo ukaisha. Kimya. Na kompyuta yenyewe hailalamiki, haisemi inaumwa wapi. Imeimba yote, kimoyomoyo.

“Baba watoto,” mke wangu akauliza, “ile redio ya betri ulimpa nani?”

Nikajifanya sijasikia.

Barazani kwenye kahawa kila mtu ni fundi. Mmoja akasema, “Mgosi, huo waya.” Mwingine akasema sabufa imekufa, tukaichomeka kwenye simu yake, mabati yakatetemeka, akarudi kwenye kashata yake bila neno. Kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye fleshi hakutaka hata kuiona. “Piga Windows, mzee.” Kwake yeye hata jino likiuma dawa ni kupiga Windows.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu anayesoma mambo haya Dar, kwa simu, baada ya shikamoo ndefu ya mtu anayejua ataombwa kitu. Kumbe kwenye Linux wimbo hauendi kwa spika wenyewe, unapelekewa washenga. Wa kwanza ni ALSA, ambaye tangu toleo la 2.6 la Linux, mwaka 2003, amekaa ndani ya kiini chenyewe na ndiye anayezungumza na chipu ya sauti iliyoganda kwenye mazabodi. Mwaka 2004 akaanza PulseAudio, wa kusuluhisha programu zinapogombea spika moja. Siku hizi kuna PipeWire, aliyemrithi PulseAudio kwenye Linux ya Ubuntu tangu toleo la 22.10. Hapo posa ikikwama, nani utamshika shati?

“Mjomba, skrini yako umeiunga kwa waya wa HDMI?”

Ndiyo.

“Basi sauti inakwenda huko.”

Waya ule hubeba picha na sauti, kwa hiyo kompyuta inahesabu milango miwili: huo, na ule wa tundu la kijani. Ikachagua wa kwanza. Skrini yangu haina spika hata ya kukohoa! Shakila alikuwa anapelekwa kwenye kioo kikavu, na mimi nimekaa pembeni natikisa waya.

Tukabadilisha mlango kwenye mipangilio. Bado kimya. Hapo mpwa akanifungulisha dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika alsamixer. Ikatokea safu ya minara. Nikabonyeza F6 kuchagua kadi ya mazabodi, na chini ya mnara wa Master nikaona MM. Maana yake umezibwa. Ukibonyeza M, panakuwa 00, umezibuka. ALSA tangu zamani ilikuwa na desturi ya kuanza na njia zote zimezibwa, mwenye nyumba azibue mwenyewe. Mwenye nyumba ataambiwa na nani? Na yote hayo yameandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitutolea Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kazi za ofisi, Kiswahili kitupu, kwa hiyo barua ya malalamiko tungeweza kuiandika kwa lugha yetu. Kinacholalamikiwa ndicho ambacho hakikutafsiriwa.

Nikabonyeza M. Sabufa ikanguruma, Shakila akatoka mzima mzima, na jirani akaongeza ya kwake.

Nawe ukienda kununua, usioneshwe mstari unaotembea ukatoa hela. Sema nataka kusikia. Kama umeshauziwa, ni alsamixer, F6, kisha M kwenye mnara wa Master, wa Speaker na wa Headphone ukiukuta na MM. Fundi akitaka kukutoza kwa kazi hiyo, mnunulie kahawa, yatosha.