Mwezi wa Waridi

Oktoba ikiingia, saratani ya matiti huvalishwa rangi ya waridi. Fulana za waridi, maputo ya waridi, keki ya waridi, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili akiwahimiza akina mama wawahi hospitali.

Haya, wawahi. Mama wa Mpanda, Katavi, amejipapasa kama alivyofundishwa, kakuta kivimbe. Kwanza kikatwe kipande, kisomwe kwa hadubini. Ikibainika ni yenyewe, mionzi iko Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Au Bugando, Mwanza, ambako nako si jirani. Treni itampitisha Kaliua hadi Tabora, na hapo aanze kuulizia usafiri mwingine. Katavi ni mkoa tangu 2012. Viboko tunao wa kuwaringia watalii. Mashine ya mionzi, bado.

Wataalamu husikitika kwamba wagonjwa wengi nchini hufika saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Husema hivyo kana kwamba wanawake hawa walikuwa sokoni wakichambua mchicha.

Na fulana sina ugomvi. Msimu wa kupalilia mahindi itavaliwa hadi ipauke, na hiyo ni faida. Lakini zisome kifuani na mgongoni: “Jichunguze”, “Wahi Mapema”, “Pamoja Tunaweza”. Hakuna iliyoandikwa “Nauli Tumelipa”. Nauli huwekwa kwenye mengineyo, na kikao hufungwa kabla ya kufika huko, maana soda zinaanza kupata moto.